Mashine Mbili na Ungo wa Kahawa

Mashine niliyoitaka ni ile isiyo na kengele. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa muda mrefu, jioni baada ya kufunga karakana yangu ya pampu za dizeli pale Mpemba, na niliamini nimekwisha kuamua.

Mpiga mbizi wa kawaida hubeba mtungi wa hewa, na kila anapotoa pumzi mapovu hupanda kwa kelele. Katika Ziwa Nyasa kuna samaki ambao mama hulea watoto wake kinywani. Nilitaka kumwona akifungua kinywa na kuwatoa. Kila nilipomkaribia, mapovu yangu yalimkimbiza. Mashine ya kurejesha pumzi haina shida hiyo. Pumzi unayotoa hupita kwenye chembe za chokaa zinazonasa hewa chafu, huongezewa oksijeni kidogo, kisha unaivuta tena.

Kulikuwa na mbili za kuchagua. Moja huongeza oksijeni yenyewe, na ikipungua hupiga kengele na kukuwashia taa mbele ya jicho. Nyingine inakuachia kazi wewe: unatazama kipimo mkononi, kikishuka unabonyeza kitufe. Mtu makini, nilikuwa nikisema, hahitaji kuwashiwa taa kama lori linalorudi nyuma.

Mwalimu wangu wa mbizi, Mzambia aliyenifundisha kule Mpulungu, alikubali kuzileta zote mbili. Alitukuta ukweni, Igamba, tukichambua kahawa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemrudishia mke wangu ungo mara mbili mbele ya kaka yake.

“Unachambua kwa macho ya nani?” nilimwambia. “Punje hii imetobolewa na mdudu. Hata kipofu angeihisi kwa kidole.”

Alichambua upya.

Nilipoivaa mashine uani, kaka yake alisogeza kiti.

“Shemeji, ziwa liko Kyela. Hapa utazamia wapi, kwenye pipa la kuoshea kahawa?”

Mwalimu hakucheka. “Bamudala,” aliniita, kama kwao wanavyomwita mzee, “unataka hii ya kutazama mwenyewe?”

“Hiyo hiyo.”

“Basi kaa. Pumua humo, na mikono ifanye kazi, maana hata majini mikono haikai bure. Kipimo kikishuka, bonyeza. Hakuna kingine.”

Nikaomba ungo wa mke wangu. Nilitaka waone jinsi kahawa inavyochambuliwa. Nzima kulia, mbovu kushoto. Nilitazama kipimo, nikabonyeza. Nikatazama tena, nikabonyeza. Kisha nikakutana na punje zenye madoa, za kuhitaji jicho, nikainama.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni raha. Vidole vilikuwa vyepesi. Sikuhisi kukosa pumzi hata kidogo, kwa sababu kinachomfanya mtu ahangaike ni hewa chafu, na chokaa ilikuwa ikiinasa yote. Niliona kwamba sijawahi kuchambua vizuri kama siku ile. Kipimo nilikiona pia. Nilikiona kama mtu anavyoona saa ya ukutani katika nyumba isiyo yake.

Halafu nilikuwa chali kwenye mkeka, kinywa wazi, mkono wa mwalimu shingoni. Kaka yake mke wangu alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

“Amezama! Jamani, amezama kwenye ungo!”

Niliinuka nikatazama. Upande wa kulia, kwenye kahawa nzima, kulikuwa na punje nyeusi, punje zilizotobolewa, kokoto, na kifungo cha shati langu ambacho sikumbuki kukinyofoa.

“Nilimnong’oneza bamayo,” mwalimu alisema, akimwelekezea kidevu mke wangu. “Nilimwambia, akianza kukosea sema basi, nimtoe. Hakusema. Kipimo kilipofika pabaya nikakutoa mimi.”

Nilimgeukia mke wangu. “Ulikuwa huoni?”

“Niliona tangu punje nyeusi ya kwanza.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ningesema, ungetoka humo ukaniambia sijui punje nyeusi ikoje.” Alisema bila hasira, kama anayejibu bei ya mahindi. “Ulikuwa unatabasamu, baba. Ungekufa hivyohivyo, unatabasamu. Na kule chini hakuna hata mimi wa kukaa kimya.”

Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilimwonyesha mwalimu mashine yenye kengele na taa. Aliitoa kwenye mfuko wake, akaiweka miguuni pangu, akaifunga ile nyingine bila kuuliza.

“Ya kengele,” kaka wa mke wangu alisema. “Kama mbuzi.”

Mke wangu aliokota kifungo, akakitia mfukoni mwangu. Kisha akachanganya nzima na mbovu kwa kiganja, akazungusha ungo mpaka zikaenea sawasawa, akaniwekea mapajani.

“Anza upya,” alisema. “Sasa hivi huna kisingizio.”

Kaka yake akasogeza kiti karibu zaidi.