Siku Vyungu Vilipoiva

Juzi sokoni Mpanda nilimwona mama mmoja akigonga chungu kwa kidole na kukitegea sikio, nikacheka peke yangu.

Nilikuwa mdogo, kule Inyonga. Bibi na majirani zake walikuwa wameanzisha kikundi cha ufinyanzi, na vyungu vyao vya kwanza vilipasuka vyote motoni.

"Hivi navyo vikipasuka, tunavunja kikundi," bibi alisema mchana ule.

Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba vyungu vitaiva jioni. Nikaja na sahani.

Moshi wa nyasi na magome uliingia mpaka kwenye nguo. Moto ulipopoa, bibi akatoa chungu majivuni, akakigonga. Kikalia kama kengele ya kanisani. Cha pili nacho kikalia. Vigelegele vikapaa.

"Sasa chakula kiko wapi?" nikauliza.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sikujua kwamba udongo nao huiva. Bibi alifuta machozi, na leo najua hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Nyie, mtoto ana njaa," akasema. "Leteni maharage!"

Yalipikwa ndani ya vyungu vile vile, yakanukia moshi na udongo mpya, na hakuna mama aliyekumbuka kurudi nyumbani kupika.