Fundi wa mageti na trei ya oti

Kumekucha, lakini karakana bado imefungwa. Nyuma ya nyumba, mwanamume mwenye mabega mapana anavaa glavu zake za kuchomelea, zile ndefu za ngozi zinazofika karibu na kiwiko, kisha anavuta mlango wa sanduku la chuma linalofuka joto. Anatoa trei. Oti na matunda vimeshikana, juu pamegeuka rangi ya kahawia, na harufu ya mdalasini imeshavuka ukuta kwenda kwa majirani.

Anaipeleka moja kwa moja kwa mkewe, aliyekaa kwenye kigoda akikwaruza matufaha ya trei inayofuata. Mkewe ananusa, kisha anabonyeza katikati kwa kidole.

"Katikati bado, baba watoto. Irudishe."

Anairudisha bila ubishi.

"Kwenye geti neno la mwisho ni langu," anamwambia mwandishi huku akifuta jasho. "Hapa bosi ni huyu. Mimi ni kibarua."

Mtaa mzima unamwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake. Amechomelea vyuma kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, na mageti mengi ya barabara hiyo ni mkono wake. Ukitembea naye, hupiga geti moja moja kwa kiganja kama anayemsalimu rafiki. Lakini wanaombishia hodi asubuhi siku hizi hawamuulizi habari za geti. Wanamuuliza kama imeiva.

Zamani mpishi alikuwa mkewe, na hakuwa wa nyumba tu. Mama Kikaango, kama anavyoitwa hadi leo, alikaa miaka mingi kwenye kona ya karakana akikaanga vitafunwa vya ngano na sukari. Mafuta yakianza kulia tu, foleni imeshajipanga. Hapo ndipo walipojuana: jiko lake lilivunjika mguu, kijana wa kuchomelea akaukarabati, akakataa malipo, kisha akawa anapita kila asubuhi kuangalia kama mguu umekaa sawa.

"Mguu wa jiko ulikuwa mzima kabisa," anasema Mama Kikaango. "Mwenye tatizo alikuwa yeye."

Miaka miwili iliyopita, akiwa kazini, mafuta ya moto yalimrukia mguuni. Hakupiga kelele. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kugeuza vitafunwa na kutania wateja mpaka mumewe alipotoka karakana kunywa chai na kuuona mguu umebabuka.

"Nikamuuliza, mama, huu mguu umefanya nini? Akaniuliza, mguu gani?" anasimulia Cheche. Sauti inamshuka. "Mimi nimeungua mara nyingi kazini. Moto naujua. Mtu akiungua asijue, hapo kuna jambo."

Hospitali walikuta sukari imepanda vibaya, na imekuwa juu kwa muda mrefu kiasi cha kuua hisia za miguu. Kidonda kilikataa kupona. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka: mambo yakiendelea vile, vidole vitakatwa, na huenda wasiishie kwenye vidole.

Mama Kikaango alirudi nyumbani na dawa, pamoja na maagizo ya kuachana na vitu vya kukaanga na sukari. Alikitundika kikaango ukutani. Kisha akaacha kula asubuhi.

"Si kwamba nilikuwa mkaidi," anasema. "Nilikuwa mtu wa kulisha watu, halafu naambiwa hata nilichokipika mwenyewe ni sumu kwangu. Nilijiona sina kazi duniani."

Binti yao mkubwa, fundi cherehani anayeishi mitaa miwili kutoka hapo, alimletea pakiti ya oti, zile nafaka bapa zinazopikwa uji. Akampikia mama yake bakuli zima. Mama alionja kijiko kimoja.

"Mwanangu, asante," alimwambia, "lakini hii ni gundi. Mpelekee baba yako abandikie mabango."

Binti alikasirika, mama akalia, pakiti ikabaki mezani. Cheche anasema aliitazama ile pakiti jioni nzima. Alimjua mkewe. Shida yake haikuwa oti, bali ule ulaini. Yeye ni mtu wa kitu cha kushika mkononi, kinachotafunika, cha kula na chai. Kesho yake alimuuliza binti yake kama oti zinaweza kuokwa. Binti akasema ndiyo, watu huzichanganya na mayai, maziwa na matunda, ila inahitaji oveni, na nyumbani hapakuwa na oveni.

"Nikamwambia, hilo tu?"

Alichagua mabati meusi mapya. Ya zamani yenye rangi, na yale yaliyopakwa zinki, hakuyagusa, kwa sababu anajua yakipata moto hutoa moshi mbaya. Akatengeneza kuta mbili na kujaza majivu katikati ili joto lisitoroke. Mkaa unakaa chini, na mwingine kidogo juu ya kifuniko. Oveni ilikamilika kwa siku chache. Mpishi ndiye alikuwa bado.

Trei ya kwanza iliungua hadi ikabidi aing'oe kwa patasi. Ya pili ilikuwa nzuri juu na uji ndani. Karakana nzima ilikuwa ikimcheka. Mwenzake wa miaka mingi, fundi wa rangi anayeitwa Brashi, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Nilimwambia, fundi, keki haichomelewi, inaokwa," anakumbuka Brashi. "Tulicheka sana. Hatukujua anampikia nani. Tulidhani kapata wazimu wa uzeeni."

Trei ya tatu ilitoka vizuri. Cheche alikuwa amemimina asali ya kutosha na kuponda ndizi nne zilizoiva mpaka zikawa nyeusi. Mkewe aliuma, akaongeza kipande. Akamaliza vitatu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumwona akila kwa hamu, na Cheche anakiri kwamba siku zile alitembea kifua mbele kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kisha wakaenda kliniki. Sukari ilikuwa imepanda.

"Nilisema haiwezekani, sikutia sukari hata chembe!" anasimulia. Muuguzi anayewashauri wagonjwa kuhusu chakula akamuuliza ametia nini. Akataja asali, akataja ndizi. Muuguzi akamwambia taratibu, "Baba, asali ni sukari iliyovaa suti."

Waliporudi nyumbani, Cheche alienda moja kwa moja kwenye oveni na nyundo mkononi, akitaka kuibomoa. Mkewe akamfuata akichechemea na mguu wake wenye bandeji, akakaa juu ya mkaa uliozimika, mbele ya mlango wa oveni, na gauni lake safi la kliniki.

"Nilimwambia, piga basi, lakini uanze na mimi," anasema Mama Kikaango. "Mwanamume ameniokea kwa mikono yake, halafu akikosea mara moja anavunja? Mimi nimeunguza vitafunwa vingapi? Nilimwambia tukae tujifunze wote."

Hapo ndipo mpishi wa zamani alipoamka tena ndani yake. Walirudi kwa muuguzi na maswali. Asali ikafukuzwa. Ndizi ikabaki moja kwa trei nzima. Yakaingia matufaha yaliyokwaruzwa na maganda yake, mayai, maziwa yasiyotiwa kitu, karanga zilizopondwa, mdalasini na chumvi kidogo tu. Tena wakaelezwa kwamba hata chakula kizuri kina kipimo: kipande kimoja kwa mlo, si vitatu, na dawa haziachwi. Mama Kikaango ndiye aliyegundua kwamba oti zikilowekwa kwenye maziwa kabla ya kuokwa hazikauki. Cheche ndiye aliyegundua mahali pa kuweka mkaa ili kona zisiungue.

Miezi ikapita. Sukari ikaanza kutulia. Kidonda kikaanza kufunga, polepole sana, kuanzia pembeni. Siku daktari alipotoa bandeji ya mwisho na kuhesabu vidole vyote vitano vikiwa mahali pake, Cheche alitoka nje ya chumba. Anasema alikwenda kutafuta maji ya kunywa. Mkewe anasema maji yalikuwa mle mle chumbani.

Asubuhi moja, bila kumuaga mumewe, Mama Kikaango alikata trei nzima vipande, akajitwika, akaenda kukaa kwenye kona yake ya zamani.

Haikuwa rahisi. Wateja walisimama, wakachungulia, wakauliza mafuta yako wapi. Dereva mmoja wa lori alisema kinafanana na chakula cha kuku. Mama Kikaango hakumwachia.

"Kuku ninaowajua mimi wana afya kuliko wewe," alimjibu. "Unapanda hilo lori ukihema."

Dereva alicheka, akanunua kimoja kwa aibu. Vingi vilirudi nyumbani siku ile. Lakini upande wa pili wa barabara palikuwa pakijengwa nyumba, na mafundi waashi walionunua waligundua kwamba hawasikii njaa mpaka karibu adhuhuri. Kesho yake walirudi na wenzao. Brashi naye, bingwa wa kucheka, sasa huwekewa chake pembeni kabla hakijaisha. Mapato bado hayajafikia ya enzi za kukaanga, kama theluthi mbili hivi, lakini mafuta hayanunuliwi tena, na nauli za kwenda kufunga kidonda zimekwisha.

Si wote waliopendezwa. Kaka mkubwa wa Cheche alipomtembelea na kumkuta anavunja mayai, alimuuliza kama hana haya, mwanamume mzima.

"Nilimwambia, kaka, karibu ukae, nakukatia," anasema Cheche. "Alikula. Alipoondoka alifungiwa kimoja cha shemeji, mke wake. Sijasikia tena neno la haya."

Mama Kikaango anamsikiliza mumewe akisimulia, kisha anamkatiza.

"Andika na hili," anamwambia mwandishi. "Mageti yake yamejaa mtaa huu na ni mazuri. Lakini sijawahi kusimama mbele ya geti nikasema, tazameni, huyu ni mume wangu. Hii trei ndiyo nasema."

Cheche anajifanya anakagua mkaa.

Mwezi ujao wamealikwa kliniki, siku ya wagonjwa wa sukari, wakaonyeshe wenzao namna wanavyooka. Muuguzi ndiye aliyewaita. Mama Kikaango atazungumza. Cheche amekubali kubeba trei tu. Kabla ya hapo anataka kumaliza oveni ya pili, kubwa, yenye nafasi ya trei nne, ili mkewe akitaka aajiri hata msaidizi.

Ile ya kwanza iko chini mno, na mguu wa mama bado haupendi kuchuchumaa. Kwa hiyo leo, baada ya trei ya mwisho kutoka, Cheche anachukua chaki na kumsimamisha mkewe karibu na ukuta wa karakana, upande wa barabarani.

"Nyoosha mkono kama unatoa trei. Usijikaze. Hivyo hivyo."

Anachora mstari mweupe usawa wa kiwiko chake.

"Mlango utakaa hapa. Huinami tena."

Mama Kikaango anautazama mstari, anaupima tena kwa mkono, anatikisa kichwa.

"Pandisha kidogo," anasema. "Nataka nikifungua, wanaopita barabarani waone."

Cheche anafuta mstari kwa kiganja na kuchora mwingine, juu zaidi.