Nzuri, Ila

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni nikiwa na vumbi la treni ya kutoka Kaliua mpaka masikioni. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mpanda bado ni mgodi na pori, na mimi nina suruali moja tu ya maana. Mwalimu Mkuu, mtu mfupi asiyecheka kabla ya saa sita mchana, alinitazama juu mpaka chini, akanikabidhi darasa la nne.

"Kijana, utafundisha ufahamu," alisema. "Uko kwenye majaribio. Inspekta akija watoto wakawa mabubu, utarudi kwa baba yako ukalime tumbaku."

Ufahamu ni kusoma habari na kuonyesha kwamba umeielewa. Tulianza na kichwa cha habari, lile jina lake pale juu. Tukaja kwenye aya, yaani fungu la sentensi zinazozungumzia jambo moja. Hayo watoto waliyameza bila maji. Tulipofika kwenye wazo kuu, jambo lenyewe lililomfanya mwandishi ashike kalamu, tukakwama.

Nikiuliza, "Wazo kuu ni nini?" mtoto anasimama, anafunga mikono, anaghani habari nzima kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Bingwa wao alikuwa Kabula, binti wa Kikonongo aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake. Nilimwambia afupishe. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akaibe.

"Mwalimu, babu akinituma nafikisha maneno yote. Nikiyakata nimekuwa mwongo."

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Nilipiga meza, nikavunja chaki, nikawaita majina ambayo sitayaandika hapa. Haikusaidia kitu. Zikaja habari kwamba Inspekta yuko njiani, nami nikaanza kusikia harufu ya tumbaku ya baba.

Asubuhi moja Kabula alichelewa. Nikamsimamisha mlangoni.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Mwalimu."

"Babu hajambo?"

"Hajambo. Mama naye hajambo, mahindi yamekauka vizuri. Ila tembo wamevunja ghala."

Nilimpa pole, kisha nikabaki pale mlangoni nimeduwaa. Kwetu huku nani anaanza na shida? Hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza, ndiyo adabu, na kila mtu anajua kungoja ile "ila". Watoto hawa walilijua wazo kuu tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Mjinga alikuwa mimi.

"Kuanzia leo," nikawaambia, "mkimaliza kusoma, mwamkieni mwandishi. Muulizeni habari za huko. Atasema nzuri, ila. Kinachofuata hapo ndicho ninachokitaka."

"Na maneno yake mengine?" Kabula akauliza.

"Yapo kitabuni, hayajapotea. Nani kakwambia unayakata?"

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

Inspekta alikuja, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Akasoma mwenyewe habari ya kijiji chenye nyumba safi, mahindi mengi na ngoma kila mavuno, ambacho kisima chake kilikuwa kimekauka. Akamnyooshea Kabula kidole.

"Watu wa kijiji hicho hawajambo, Bwana," Kabula akajibu. "Ila hawana maji."

Inspekta akainua kichwa. "Vizuri sana. Na hapa shuleni kwenu, habari gani?"

"Nzuri, Bwana. Ila mwalimu wetu anaogopa utamfukuza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu Mkuu alicheka, na saa sita ilikuwa bado! Inspekta akafunga kalamu yake.

"Mwambie mwalimu wako," akamwambia Kabula, "kwamba atabaki."

Nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Nikathibitishwa kazini. Baadaye nilihamishiwa Karema, kisha Inyonga, mpaka nikawa Mwalimu Mkuu na mimi, na kutisha vijana kwa tumbaku. Kozini nilifundishwa maneno makubwa zaidi: dhamira, maudhui, mtazamo. Ni maneno mazuri, nyie walimu vijana yashikeni. Ila mtoto akikwama, mwacheni kwanza amwamkie mwandishi.

Sasa nimestaafu, niko hapa Shanwe, Mpanda. Mwaka uliopita niliugua sana, na watu walikwishaanza kunizungumzia kwa sauti ya chini. Nilipopata nafuu akaja mama mmoja mwenye mvi, kabeba asali. Alikuwa Kabula.

"Shikamoo, Mwalimu. Habari za hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Alikaa akinitazama usoni, akingoja, kama nilivyomfundisha, au alivyonifundisha.

"Usingoje, Kabula," nikamwambia. "Leo ni nzuri tu."