Mlezi wa Seli na Wifi Yake

Pale maabara walimwita Mama Seli. Kazi yake ilikuwa kulea seli za saratani kwenye visahani vya plastiki, ndani ya kabati la joto: kuzilisha, kuzisafisha, kuzihamisha zikibanana. Dawa chungu nzima zilijaribiwa juu ya seli hizo zikagonga mwamba, naye, Mungu amsamehe, aliona fahari.

Basi akaajiriwa wifi yake, mdogo wa mumewe, kufuga bakteria chumba cha pili. Vidudu vinanuka kama soksi! Lakini wifi alikuja na maneno yake: eti bakteria huambiana kwa kemikali. Wakiwa wachache, kimya, wakijaa, gumzo. Na kemikali hiyohiyo ukiidondoshea seli za saratani, zinajiua zenyewe. Mkuu wa maabara akampa meza ya dirishani, ile ambayo Mama Seli aliiomba tangu wifi yuko shule. Wivu ukamla. Hata nyumbani hapumui, mume ni "mdogo wangu, mdogo wangu" tu.

Mkuu akaruhusu jaribio moja. Likishindikana, wifi afungashe virago. Utaratibu ulikuwa seli zishinde na njaa kwanza, maana chakula kizito huzikinga. Mama Seli akazishibisha pomoni. Kemikali ikadondoshwa, seli zikatulia, nene, hazina habari.

Siku hiyo chai ilimshuka vizuri kweli. Mara wifi akaingia, macho mekundu.

"Wifi, nimekosea mimi. Bakteria wangu hawakuwa wamejaa vya kutosha. Nimembembeleza mkuu, kakubali nirudie. Nipe kisahani kingine, nakuomba."

Hakumshuku hata chembe. Hilo lilimuuma Mama Seli kuliko tusi. Alimwandalia kisahani. Safari hii aliziacha na njaa.

Kesho yake seli zilikuwa zimenywea, zimekatika vipande vipande. Makofi yakalia. Mkuu alimsifu wifi, akawasifu na bakteria. Mama Seli akabaki anamwagia klorini maiti za seli alizozilea miaka yote, na hakuna aliyempa pole.

Jioni mume alimpokea mlangoni, meno yote nje.

"Umesikia mambo ya mdogo wangu?"

"Nimesikia," alisema, akampakulia chakula. Kijiko kimoja.