Namba ya Upanga wa Burma

Ng'ombe alikuwa wa mke wangu, na wakati namtoa zizini nilijua hivyo. Alikuwa na mimba. Nilimswaga mpaka Kisaka kwa bibi mmoja, mke wa mwisho wa askari aliyepigana na Wajapani huko Burma, tukabadilishana, nikarudi na upanga wa Kijapani ndani ya ala yake, umefungwa kwenye khanga.

Mimi ni dalali wa dhahabu Nyamongo. Nanunua punje kwa wachimbaji wadogo, nauza kwa wakubwa, hapo katikati ndipo ninapokula. Kukusanya vitu vya kale nilikuwa nimeanza juzijuzi tu: vigoda viwili, filimbi ya polisi wa mkoloni, na ujinga wa kutosha. Nilijiambia, mtu anayetambua dhahabu gizani atashindwa na chuma?

Mke wangu kwao ni ng'ambo, Kenya. Aliutazama upanga, akatazama zizi.

"Ng'ombe yangu iko wapi?"

"Hii ni biashara, mama."

"Biashara gani? Hiki chuma kitakamuliwa wapi?" Hakuwa anacheka. "Jumamosi nataka ng'ombe yangu hapa. Ikikosa, mimi na watoto tunavuka mpaka pale Sirari, tunarudi kwetu."

Sikubabaika sana siku hiyo. Mwanza kulikuwa na mzee anayekusanya vitu vya vita, na kwenye simu alikuwa ameniahidi bei ya kununua ng'ombe huyo na kubaki na chenji. Sharti lake lilikuwa moja tu: athibitishe kwamba upanga ni wa kweli.

Sasa, sisi huku hatupeleki ng'ombe mnadani na matope yake. Unamwosha, unamsugua mpaka anang'aa, ndipo unataja bei. Nikaupeleka upanga kwa fundi wa kuchomelea ili aupitishie grenda. Karibu na mpini kulikuwa na vinamba vidogo vimegongwa.

"Toa na hivyo," nikamwambia. "Vinaufanya uonekane kama panga la dukani."

Akavitoa. Jioni nikampigia mzee wa Mwanza.

"Nitumie picha ya namba," akasema. "Upanga wa askari wa cheo cha chini ulitengenezwa kiwandani. Una namba kwenye chuma karibu na mpini, na namba hiyohiyo kwenye mdomo wa ala. Zikilingana, tumemaliza. Na usiusafishe."

"Kwenye ala ipo, mzee."

"Na kwenye upanga?"

"Upanga unang'aa."

"Unang'aa vipi, kijana wangu?"

Nikamweleza. Akasema ala peke yake haithibitishi kitu, maana mtu anaweza kuchomeka humo hata panga la kufyekea migomba. Nilirudi kwa fundi. Yeye akaona jambo dogo: ana tindo za namba, anagonga nyingine sasa hivi. Sitajisifu kwamba niliogopa dhambi. Nilikataa kwa sababu namba zake zilikuwa kubwa kama za trekta.

Usiku sikulala. Asubuhi nikakumbuka mchimbaji mmoja aliyeibiwa nyundo. Mwizi alikuwa amesaga jina la mwenyewe lililogongwa kwenye chuma, lakini yule mchimbaji alipaka tindikali, hii tunayopimia dhahabu, na jina likarudi kama kivuli. Chuma kikigongwa, pigo linazama chini kuliko alama inayoonekana.

Nikajifungia uani nyuma ya duka na chupa yangu. Tone la kwanza lilichemka, likatoa moshi mchungu. Nikafuta, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. Nilianza kuongea na upanga kama mtu anayembembeleza mdeni. Nilipofuta tena, weusi ukajipanga: nne, halafu saba, halafu tarakimu nyingine tatu. Nikasoma ya upanga, nikasoma ya ala. Nikarudia kusoma zote mbili. Zililingana. Nilipiga picha, nikatuma.

Mzee akapiga mwenyewe.

"Ni wa kweli. Hongera sana. Lakini siwezi kuununua. Umeusaga, kisha umeuunguza. Niliokuwa nautaka ni ule wa wiki iliyopita."

"Basi nipe hata bei ya mtamba mmoja, mzee."

"Hapana."

"Ya ndama?"

"Kijana wangu," akasema kwa upole, akakata.

Ijumaa nikachukua bodaboda mpaka Kisaka. Bibi alikuwa anaanika mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura," akaniita kijana kwa lugha ya kwetu. "Umeniletea ng'ombe mwingine?"

Nikaufungua upanga, nikamwambia umekosa mnunuzi Mwanza, nikamwomba turudishiane. Akapitisha kidole kwenye lile doa jeusi, akakinusa.

"Ng'ombe ameshaondoka. Mjukuu wangu anaoa, ameingia kwenye mahari. Unataka niende kwa wakwe zetu nikamfungue kamba?"

Ng'ombe akishaingia kwenye mahari, huku kwetu hata kichaa hamdai.

"Na huko Mwanza wamesemaje?"

"Wamesema ni wa kweli."

Bibi alicheka mpaka akaegemea ungo. "Kumbe walikuwa hawajui?"

Nilikuwa bado nimesimama pale simu ilipoita. Mke wangu.

"Mmefika wapi na ng'ombe?"

Nikamwambia ng'ombe wake ameozesha watu. Hakunitukana, wala hakukata simu. Nilimsikia akivuta zipu ya begi, taratibu, mpaka mwisho.