Meno ya Nailoni

Mwezi jana jino la nyuma lilinisumbua hadi nikaenda hospitalini Kitui. Daktari wa meno, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alitazama picha ya taya langu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaniuliza chonge zangu mbili za chini zilienda wapi. Nilimwambia zilitolewa nikiwa mchanga, kwa sababu yalikuwa meno ya nailoni. Akaweka chini kile kioo chake kidogo.

"Hakuna meno ya nailoni, mama," akasema. "Hayo yalikuwa meno yako."

Alinieleza bila haraka kwamba jino la mtoto huanza likiwa laini na jeupe, limejificha ndani ya ufizi. Ukichimba ufizi wa mtoto wa miezi mitano utalipata, awe mgonjwa au mzima, na ukilitoa unaweza kuharibu na mbegu ya jino la ukubwani iliyo chini yake. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nilikuwa nasubiri mtu.

Kama ulikulia upande wetu, utakumbuka kwamba meno hayakuachwa yajikalie tu. Nyumbani kwetu Kalamba kila umri ulikuwa na shughuli yake. Nyanya, mamake baba, alichongwa meno ya mbele akiwa msichana, yakawa na ncha, na hadi uzeeni aliyacheka yetu akisema ni bapa kama ya ng'ombe. Asubuhi tulikata kijiti cha mswaki, tukakitafuna hadi kikawa na nywele, tukasugua huku muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukichemka jikoni na harufu yake ikitufuata uani. Jumapili kabla ya kanisa tulisagiwa mkaa ukachanganywa na chumvi. Jino la utoto liling'olewa kwa uzi na kurushwa juu ya paa, na tangu siku hiyo ulijihadhari na mijusi, kwa maana mjusi akiliona pengo lako jino halioti tena. Watoto wakubwa walijua hilo. Walikuwa wakitungoja penye mawe, wakitutekenya mbavu ili tucheke mbele ya mjusi.

Pengo langu la chini halikuziba. Shuleni nilisingiziwa kwamba nilimchekea mjusi, na niliona heri hiyo kuliko kueleza.

Watoto wachanga nao walikuwa na meno ya nailoni. Mtoto akiharisha na kupata homa, mwanamke mzoefu alimpapasa ufizi, na akihisi uvimbe mdogo alisema yamekuja. Jirani yetu mmoja, mjane mpole aliyeimba vizuri kanisani, ndiye aliyekuwa akiyatoa. Alitumia spoku ya baiskeli iliyonolewa jiweni. Mimi mwenyewe nilipitia mikononi mwake kabla ya kujua kukaa.

Nilikuwa na miaka minane wakati ndugu yangu mdogo alipougua. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Baba alikuwa Kibwezi kwenye mashamba ya mkonge, na mama alichota maji katika visima vya mchanga mtoni, maji ya rangi ya chai, tukigawana na mbuzi wa kila mtu. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Alianza kuharisha Jumatatu. Kufikia Jumanne macho yalikuwa yameingia ndani, na akilia hakutoa machozi.

Nyanya alipapasa ufizi akasema ni nailoni, aitwe jirani. Mama akakataa. Kumkatalia mama mkwe lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu, na alilifanya kwa sauti ndogo, akitazama chini. Alisema atampeleka mtoto dispensari, iliyokuwa mwendo wa nusu siku ng'ambo ya mto. Hapo nyanya akaniita. Alinishika kidevu, akanifungua mdomo kama mbuzi anayekaguliwa sokoni, akamwonyesha mama lile pengo.

"Huyu nani alimponya?" akauliza. "Dispensari?"

Jumatano alfajiri mama alimfunga mtoto mgongoni akaondoka. Kabla jua halijapanda sana alikuwa amerudi. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi jirani alikuja na spoku yake kwenye kitambaa safi. Alisali kwanza. Niliambiwa nishike miguu. Ilikuwa myepesi, na haikupiga mateke ya kutosha. Alipomaliza alipaka ufizi majivu na chumvi, kisha akaniwekea kiganjani vitu viwili vyeupe, laini, kama punje za hindi bichi lisilokomaa. "Tazama," akaniambia, "hivi ndivyo vilikuwa vinamla." Nilivitazama kwa chuki.

Baada ya hapo mtoto hakuweza kunyonya. Aligusa titi, akaachilia, akalia bila sauti. Mama alikamulia maziwa kwenye kijiko, yakamtoka mtoto mdomoni pamoja na damu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, mtoto alikata roho mapajani mwa nyanya. Nyanya alilia kuliko sisi sote. Alikuwa ndiye aliyempa jina. Alipopata sauti alisema neno moja tu juu ya jambo hilo.

"Tumechelewa siku mbili."

Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu. Wanawake waliokuja kumfariji mama walilirudia kwa upole, kwamba nailoni haitaki kusubiri, kwamba wakati mwingine amsikize mzee. Baba alirudi kutoka Kibwezi akalisikia, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya zaidi. Mama alizaa wavulana wengine wawili. Kila mmoja alipoharisha mara ya kwanza, mama alikimbia kwa jirani akiwa peku, bila kungoja kuambiwa. Wote wawili walipona, kwa hiyo kijiji chote kikapata ushahidi mwingine.

Jumamosi baada ya kuonana na daktari nilikwenda Kalamba. Mama ana zaidi ya miaka themanini sasa, amebakiwa na meno manne. Nikiwa kwake nampondea ndengu, na akishamaliza kula namsafisha ufizi kwa mswaki laini wa watoto. Siku hiyo nilimsafisha kwanza, nikamfuta midomo, ndipo nikamwambia yote niliyoambiwa. Nilikuwa nimejipanga njiani. Niliamini nampelekea faraja.

"Kwa hivyo hatukuchelewa," akasema.

"Hamkuchelewa, Mwaitu, mama yangu. Alikuwa ameishiwa maji mwilini. Wewe ndiye uliyekuwa sawa."

Alikunja na kukunjua ile taulo ndogo niliyomfutia midomo.

"Nilikuwa nimeshavuka mto," akasema. "Nyanya yako akaniita akiwa ng'ambo ile. Aliniita mara tatu. Laiti ningejifanya sijasikia."

Miaka yote hiyo alijilaumu pamoja na watu, kwa kosa ambalo kijiji kizima kilimsamehe. Lile nililompelekea, la kugeuka mtoni, ni lake peke yake. Baba alikufa akiamini vingine. Nyanya na yule jirani wamezikwa siku nyingi, wote wawili kwa heshima, na sidhani ningekuwa na moyo wa kuwaambia hata kama wangekuwapo. Ndugu zangu wawili hawajui, na mama ameniomba wasijue.

Nilipouliza mtoto alizikwa wapi hasa, alinionyesha kwa mkono upande wa nyuma ya boma, ambako zamani palikuwa na ghala. Hakukuwekwa msalaba, kwa kuwa watoto wadogo hivyo hawakuwekewa. Ghala lilibomolewa, ua ukasogezwa, shamba likalimwa na trekta. Tulitembea pale pamoja, yeye akinishika bega, tukitafuta jiwe au mti wa kutuongoza. Alisimama mahali, akatikisa kichwa, akasogea hatua chache, akasimama tena. Mwishowe alisema turudi nyumbani, jua ni kali.