Meneja na Mzungu wa Mikate

Jumanne nilikuwa mapokezi ya hoteli moja hapa Gisenyi, nikisubiri ukumbi ufunguliwe. Mgeni mmoja Mzungu alitaka chumba kinachotazama ziwa. Mama aliyesimama kaunta akamjibu kwa upole kwamba vyote vimejaa hadi kesho.

"Niitie meneja."

"Meneja ni mimi."

Mgeni akatabasamu, akachungulia nyuma ya mama kana kwamba meneja wa kweli amejificha kwenye pazia. Mama hakubishana. Akamwita mpishi wao wa mikate, Mzungu naye, aliyekuja na aproni yake akarudia yaleyale: vyote vimejaa hadi kesho.

"Asante, sasa nimeelewa," akasema mgeni, akaenda zake.

Nikamuuliza mama kwa nini anakubali kudharauliwa hivyo.

"Zamani nilikuwa nabishana, papa. Kichwa iliniuma mpaka ku nyumba, watoto nawafokea bure. Sasa namuita mutu wangu wa mikate. Bon, nalala muzuri."

Mpaka leo sijui kama huko ni kushinda au kushindwa. Huyo wa mikate hata likizo yake anaisaini mama! Nilitaka kumwambia hivyo kwa hasira, nikainua kidole. Kidole kilikuwa na unga.

Hapo nikakumbuka. Nilipoingia, mama alinikaribisha, nikamwitikia kwa kichwa tu. Kisha nikamwendea yule wa aproni, aliyekuwa akipita na mikono yenye unga, nikampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama tunavyomsalimu mkubwa.